Mwongozo kamili: kuyeyusha na kugawa protini rekombinanti ya binadamu bila kuiua

"Docta, kichupa ni kitupu. Wametuuzia hewa."

Ujumbe wa namna hii hunifikia tena na tena, kutoka kwa vijana wa maabara hapa Goma na wengine wa Bukavu. Kichupa hakikuwa kitupu hata mara moja. Kilikuwa na mikrogramu 100 za protini, na punje moja ya sukari ya chai ina uzito unaozidi huo. Ukikiinamisha kwenye mwanga wa dirisha unaweza kuona utando mweupe kitakoni, mwembamba kama pumzi kwenye kioo. Wakati mwingine huoni chochote, na bado protini ipo.

Kinachoniuma ni yanayofuata. Mtu anafungua kichupa ili ahakikishe, utando unaruka na kunata kwenye kizibo, maji yanamiminwa kwa kukisia, kichupa kinatikiswa kama dawa ya kikohozi, kisha kinarudi kwenye friza kizima kizima ili kitolewe kila wiki. Mwezi wa pili majaribio hayatoi kitu na lawama zinamwendea muuzaji. Pesa iliyonunua kichupa hicho ingelipa ada ya mwanafunzi.

Shikeni jambo moja: protini ikiwa unga mkavu ni mvumilivu, ikiwa ndani ya maji ni mgonjwa mahututi. Kwa hiyo usiitie maji kabla kila kitu hakijawa tayari, na ikishayeyuka igawe siku hiyohiyo. Nitatumia mfano wa interferoni gama ya binadamu, protini ambayo seli za kinga hutumia kuamshana, iliyotengenezwa ndani ya bakteria E. coli waliopewa jeni ya binadamu (ndiyo maana huitwa rekombinanti), kichupa cha mikrogramu 100. Protini nyingine zikitofautiana nitasema.

## Vitu vya kuandaa

Usianze kama kimoja kinakosekana.

- Kichupa cha protini pamoja na karatasi yake ya loti, yaani ya toleo lake la kiwandani. Karatasi ikipotea, iombe upya kwa namba ya loti kabla ya kufungua chochote.
- PBS (maji ya chumvi yenye fosfati ya kushikilia pH) safi isiyo na vimelea, pH 7.2 hadi 7.4, na maji safi ya maabara yasiyo na vimelea.
- Albumini ya ng'ombe ya daraja la maabara, protini ya damu itakayoilinda yako.
- Kichujio cha sindano chenye matundu ya mikromita 0.22.
- Tyubu ndogo za polipropilini, mililita 0.5, ikiwezekana zile zisizonasa protini. Kioo cha kawaida na polistirini hapana, protini hunata humo.
- Pipeti tatu: ya mikrolita 10, ya 100 na ya 1,000, pamoja na ncha zenye chujio.
- Sentrifuji ndogo ya mezani.
- Bakuli la barafu, glavu, kalamu isiyofutika kwa alkoholi, daftari.
- Friza ya nyuzi −80, au ya −20 isiyo ya aina ya kujiyeyusha barafu yenyewe.

Nieleze hiyo ya mwisho. Friza za nyumbani zinazotangazwa kuwa hazijazi barafu hujipasha joto kila baada ya saa kadhaa ili barafu iondoke ukutani. Nyama haidhuriki. Protini iliyo katika matone machache inalainika na kuganda tena, mara nyingi kwa wiki, mlango ukiwa umefungwa na wewe ukidhani mambo ni salama.

## Hatua ya 1: Pokea kasha vizuri

Mizigo yetu mingi hupitia Kigali, inavuka mpaka, kisha inapanda pikipiki juu ya mawe ya volkano. Ukifungua kasha ukakuta vifuko vya barafu vimeyeyuka, usipige kelele bado. Watengenezaji wengi husafirisha unga mkavu kwa vifuko vya barafu, au hata kwa joto la kawaida, kwa sababu unga unavumilia safari ya siku kadhaa. Linganisha na karatasi. Lakini kama protini ilitumwa ikiwa majimaji na imefika ya moto, hapo andika malalamiko siku hiyohiyo, na picha.

Kama kasha lina barafu kavu, sikilizeni. Watu wa Goma hawahitaji kufundishwa mazuku: ile gesi nzito inayolala mabondeni karibu na ziwa na kwenye uwanda wa lava, inayoua mbuzi, na watoto, bila harufu wala moshi. Gesi hiyo ni kaboni dioksidi, na barafu kavu ni kaboni dioksidi hiyohiyo iliyogandishwa. Kilo moja hutoa zaidi ya lita 500 za gesi. Fungua kasha karibu na dirisha lililo wazi, usilaze barafu hiyo kwenye chumba kidogo wala kwenye gari lililofungwa, na usiitie ndani ya chombo kilichokazwa kifuniko, kitapasuka. Joto lake ni kama nyuzi −78, basi usiishike kwa mkono mtupu.

Andika tarehe, loti na hali ya kasha. Weka kichupa kwenye nyuzi −20. Usikifungue.

Umefaulu ukiwa na: kichupa kilichofungwa, karatasi iliyobandikwa kwenye daftari, na hamu uliyoizuia.

## Hatua ya 2: Soma karatasi, mambo matano

Kwanza, kiasi. Mikrogramu huandikwa µg, na mtu mwenye haraka huisoma mg. Tofauti yake ni mara elfu moja.

Pili, imo albumini au haimo. Karatasi husema kama protini ni tupu au imechanganywa na albumini ya kuilinda. Ukipewa iliyochanganywa na wewe ulitaka kuipaka rangi ya kung'aa au kuipima kwa gramu, utakuwa unapima albumini.

Tatu, iyeyushwe kwa nini. Hapa ndipo wengi wanapofia. Interleukini 2 ya binadamu, protini nyingine ya kinga, inayotoka kwenye E. coli haipendi maji ya pH ya katikati, na watengenezaji wengi huagiza iyeyushwe kwanza kwa asidi nyepesi, kama asidi ya asetiki ya milimola 100. Mwanafunzi akishazoea hiyo, anachukua asidi ileile na kuimimina kwenye interferoni gama. Interferoni gama huharibiwa na asidi. Ameiua kwa mkono wake, kwa nia njema, akifuata maelekezo ya kichupa cha jirani. Hakuna kanuni moja ya protini zote. Karatasi iliyo mbele yako ndiyo yenye neno la mwisho, hata ikipingana na mimi.

Nne, nguvu yake. Hii huandikwa kwa yuniti kwa kila miligramu, au kwa ED50, yaani ukolezi unaotoa nusu ya matokeo ya juu kabisa. Ukipewa ED50 kwa nanogramu kwa mililita, gawa 1,000,000 kwa namba hiyo, utapata yuniti kwa miligramu. ED50 ya 0.1 ni yuniti 10,000,000 kwa miligramu.

Tano, seli zako ni za mnyama gani. Interferoni gama ya binadamu haifanyi kazi kwenye seli za panya. Interleukini 2 ya binadamu inafanya. Nimeona mtu akitafuta kosa kwenye friza kwa wiki tatu, na kosa lilikuwa kwenye panya.

Na neno la moyoni. Karatasi imeandikwa "kwa utafiti tu". Siku moja atakuja mtu mwenye mgonjwa, labda jamaa yako, amesikia kwamba mnayo interferoni, na kwamba hospitali za nje hutibu nayo. Mwambie ukweli kwa upole: hiki si dawa. Hakikutengenezwa wala kukaguliwa kwa ajili ya kudungwa mtu, na mabaki ya bakteria yaliyomo yanaweza kumletea mshtuko wa kumuua. Usimpe hata tone.

## Hatua ya 3: Piga hesabu kabla ya kufungua

Kaa chini na daftari. Kwanza tuondoe mtego unaotukamata sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa: shuleni tulifundishwa kuwa mkato hutenga desimali, kwa hiyo tunaandika 0,1. Karatasi nyingi za watengenezaji hutumia nukta kwa desimali na mkato kwa maelfu. Ukiona "1,000 µl" ni mikrolita elfu moja, si moja. Katika mwongozo huu nafuata mtindo wao.

Sasa hesabu. Kichupa kina mikrogramu 100. Karatasi inasema ukolezi usiwe chini ya 0.1 mg/ml. Basi:

Mikrogramu 100 ndani ya mikrolita 1,000 = mikrogramu 100 kwa mililita = 0.1 mg/ml. Huo ndio akiba yako.

Tuseme unahitaji nanogramu 20 kwa mililita katika mililita 10 za chakula cha seli. Hiyo ni nanogramu 200, yaani mikrolita 2 tu za akiba. Usipime mikrolita 2 kwa jambo lenye thamani hivi, tone dogo likibaki nje ya ncha umekosea vibaya. Pitia kituo cha kati: chukua mikrolita 10 za akiba, tia kwenye mikrolita 990 za PBS yenye albumini. Sasa una mikrogramu 1 kwa mililita. Kutoka hapo chukua mikrolita 200, tia kwenye mililita 9.8 za chakula cha seli. Umepata nanogramu 20 kwa mililita, na kosa la mkono limekuwa dogo.

Kisha amua ugawaji. Jaribio moja linakula mikrolita 10, lakini nyinyi mko watatu mnaofanya siku moja? Basi tyubu moja iwe na mikrolita 50. Mikrolita 1,000 zitatoa tyubu 19 na mabaki, usitegemee 20, kwa kuwa kidogo hubaki ukutani. Usishuke chini ya mikrolita 10 kwa tyubu. Tone dogo hivyo hukauka ndani ya friza, na sehemu kubwa ya protini hunata kwenye plastiki.

Umefaulu kama: mwenzako amepiga hesabu hiyohiyo bila kuona yako na mmepata namba moja.

## Hatua ya 4: Tengeneza maji ya kulinda, andika tyubu

Protini katika ukolezi mdogo hutafuta ukuta wa kunatia. Albumini huwekwa iwe nyingi kuliko protini yako mara nyingi, ikamate ukuta kwanza, na yako ibaki ndani ya maji.

Pima gramu 1 ya albumini, inyunyize juu ya mililita 8 za PBS, usitikise. Iache izame yenyewe, itachukua nusu saa au zaidi. Jaza hadi mililita 10, pitisha kwenye kichujio cha mikromita 0.22. Una asilimia 10. Mikrolita 100 za hiyo ndani ya mililita 9.9 za PBS zinakupa asilimia 0.1, ndiyo tutakayotumia. Albumini haiingii kwenye otoklevu (chungu cha kuua vimelea kwa mvuke wenye mgandamizo), itaganda kama yai.

PBS yenyewe ndiyo inayoingia kwenye otoklevu, na hapa mji wetu una sharti lake. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Maji hapa huchemka karibu na nyuzi 95, na sufuria ya kuchemsha haiui vijidudu vyenye ganda gumu. Hata otoklevu ya jiko, ile yenye saa ya mgandamizo peke yake, inakudanganya: saa hiyo inapima kiasi kilichozidi hewa ya nje, na hewa yetu ya nje ni nyepesi. Mtu wa pwani akifika psi 15 (psi ni kipimo cha mgandamizo) ana nyuzi 121. Sisi tunahitaji karibu psi 17.5 ili kufika hapohapo. Kwanza hakikisha mashine yako inaruhusu mgandamizo huo. Kama hairuhusu, usiilazimishe, ongeza muda na tumia utepe wa kupima, ule unaobadilika rangi kwenye otoklevu.

Albumini haiwekwi ikiwa utapaka protini rangi, utachanja nayo mnyama ili atoe kingamwili, au utaipima kwa mashine ya kupima uzito wa molekuli. Hapo bakia kwenye ukolezi mkubwa, na ugawe haraka.

Sasa andika tyubu zote 20 kabla ya kufungua chochote. Kila tyubu: jina la protini, ukolezi, ujazo, loti, tarehe, herufi zako. Zipange kwenye barafu, vifuniko wazi, zimefunikwa na karatasi safi. Wengi huandika baadaye, protini ikiwa inasubiri, na kalamu haishiki kwenye plastiki iliyolowa.

## Hatua ya 5: Fungua kichupa

Kitoe kwenye friza, kiache mezani dakika 15 hadi 20 kikiwa kimefungwa. Hewa ya kando ya ziwa ina unyevu mwingi. Ukifungua chupa baridi, unyevu unaingia na kuwa maji juu ya unga ambao bado hukutaka uguse maji.

Kizungushe kwenye sentrifuji sekunde 30 kwa kasi ndogo. Usiruke hapa, kwa sababu mbili. Pikipiki imeurusha unga hadi kwenye kizibo. Na chupa iliyofungwa kwenye kiwanda cha tambarare inaweza kuwa na hewa nzito kuliko yetu: unapoifungua kwenye mita 1,500, inapumua nje, na pumzi hiyo inabeba unga. Kama ilifungwa bila hewa ndani, kinyume chake hutokea, hewa ya nje inaingia kwa nguvu na kuutimua. Njia zote mbili unga ulio kitakoni, uliobanwa na mzunguko, ni salama zaidi.

Umeme umekatika na sentrifuji haizunguki? Ahirisha. Unga utangoja kesho.

Legeza kizibo polepole, kikiinuka kidogo subiri, kisha toa. Kilaze kichwa chini kwenye karatasi safi, usikitupe, tutakihitaji.

## Hatua ya 6: Yeyusha

Weka ncha ya pipeti kwenye ukuta wa kichupa, juu ya utando, na umimine mikrolita 1,000 za PBS yenye albumini asilimia 0.1 ukiuzunguka ukuta. Usipulizie katikati. Kama karatasi inasema maji matupu kwanza, fuata hivyo, na albumini itakuja wakati wa kuzimua.

Rudisha kizibo, inamisha kichupa taratibu ili maji yaoshe sehemu ya chini ya kizibo, kigeuze mara tano au sita kama unavyogeuza chupa ya mafuta mazito. Kiache mezani dakika 10 hadi 15. Geuza tena.

Usitumie vorteksi, mashine ya kutikisa kwa kasi. Usivute na kusukuma kwa pipeti hadi mapovu yatoke. Povu si uchafu wa kupuuzia: kila kiputo ni ukuta mpya kati ya maji na hewa, na kwenye ukuta huo protini hujifungua kama fundo lililolegea, kisha zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Haziwezi kurudi. Interferoni gama hufanya kazi ikiwa mbili mbili zimekumbatiana. Ukizivuruga umbo, uzito uko palepale na kazi imekwisha.

Inua kichupa kwenye mwanga na nyuma yake weka kitu cheusi, jiwe la lava linafaa kabisa. Umefaulu ukiona maji maangavu, bila nyuzi nyeupe, bila ukungu.

Ukiona ukungu, usipashe moto. Kiache kwenye frigo saa mbili, au hata usiku mmoja, kisha tazama tena. Ukungu ukibaki, rudi kwenye karatasi uangalie pH. Na usipitishe protini hii iliyoyeyuka kwenye kichujio ili "kuisafisha". Kiasi ni kidogo, utando wa kichujio utakula sehemu kubwa. Usafi ulipatikana kwenye maji, kabla.

## Hatua ya 7: Gawa na ugandishe upesi

Mikrolita 50 kila tyubu, ncha ileile ikiwa haijagusa kitu. Funika, zungusha sekunde chache ili tone liketi chini, rudisha barafuni. Kazi nzima isizidi nusu saa.

Kugandisha kunatakiwa kuwe kwa haraka, na sababu yake haielezwi mara nyingi. PBS nyingi zina fosfati ya sodiamu. Maji yanapoganda polepole, chumvi moja ya fosfati huwa fuwele kabla ya mwenzake, na maji yaliyobaki yanageuka kuwa ya asidi. Kumbuka tulichosema juu ya interferoni gama na asidi. Tyubu zikiwekwa katikati ya boksi la kadibodi lililojaa, zinachukua muda mrefu kuganda, na protini inaoga asidi muda wote huo. Zilaze moja kwa moja kwenye chuma cha sakafu ya friza ya −80, zikiwa zimeachana. Kesho yake zipange kwenye boksi.

Kwa kawaida akiba hukaa miezi kadhaa kwenye −80, miezi michache kwenye −20, na siku chache tu kwenye frigo. Karatasi ya loti itakupa muda wake.

Umefaulu kama: daftari lina ramani ya boksi, tyubu kwa tyubu, na msafishaji anaweza kuipata tyubu namba 7 bila kukuuliza.

## Hatua ya 8: Jiandae kwa umeme kukatika

Usiyeyushe vichupa vyote. Kama mlinunua vitatu, viwili vibaki unga. Friza ikilala siku nzima bila umeme, unga una nafasi kubwa ya kuamka salama, myeyusho hauna.

Jaza nafasi tupu za friza kwa chupa za maji yaliyogandishwa. Friza iliyojaa hushika baridi muda mrefu kuliko tupu. Tyubu zako ziwe ndani ya kikasha cha stairofomu, chini kabisa, mbali na mlango. Umeme ukienda, bandika karatasi mlangoni: "Usifungue". Kila anayefungua "kuangalia tu" anamwaga baridi.

Weka kikombe cha barafu chenye sarafu juu yake. Franka zetu ni noti, kwa hiyo tumia sarafu ya Rwanda ya faranga 100. Ukirudi Jumatatu na sarafu imezama, barafu iliyeyuka na kuganda tena wikendi. Lakini sarafu iliyobaki juu haikuhakikishii usalama: maji ya protini yako yana chumvi, yanalainika kabla barafu tupu haijayeyuka. Kipimajoto kinachoweka kumbukumbu ya joto la juu kabisa ni bora, na bei yake ni ndogo kuliko kichupa kimoja.

Nilijifunza haya kwa machungu. Katika maabara moja niliyofanyia kazi nilipoteza tyubu zote za akiba kwa wikendi moja, na hakuna aliyejua hadi mwezi uliofuata, kwa sababu Jumatatu asubuhi zilikuwa zimeganda vizuri na zinapendeza macho. Tulirudia majaribio ya wiki nne. Damu za wachangiaji tulizotumia hazikurudi.

## Hatua ya 9: Siku ya kuitumia

Toa tyubu moja, iyeyuke juu ya barafu. Usiishike kiganjani kuiharakisha. Izungushe sekunde chache, tengeneza kile kituo cha kati, tumia.

Kilichobaki kwenye tyubu hakirudi kwenye friza. Najua inauma. Kila kuganda na kuyeyuka kunaondoa sehemu, na hujui ni sehemu gani, kwa hiyo jaribio la leo na la mwezi ujao hayalinganishwi tena. Weka kwenye frigo kwa siku chache ukiwa na hakika ya kuitumia, vinginevyo tupa. Vizimuo vidogo vya kituo cha kati havihifadhiwi kabisa, tengeneza upya kila mara.

## Hatua ya 10: Thibitisha kuwa ingali hai

Jeli ya kupima ukubwa itakuonyesha mstari karibu na kilodaltoni 17 (kipimo cha uzito wa molekuli) kwa interferoni gama. Mstari huo unathibitisha kuwa protini ipo. Maiti nayo ina urefu uleule.

Njia iliyo karibu na wengi wetu ni elisa, kipimo kinachokamata protini kwa kingamwili kwenye sahani yenye visima. Kutoka akiba ya mikrogramu 100 kwa mililita: mikrolita 10 ndani ya 990, tena mikrolita 10 ndani ya 990, kisha mikrolita 100 ndani ya 900. Uko kwenye pikogramu 1,000 kwa mililita. Punguza kwa nusu mara sita: 500, 250, 125, 62.5, 31.25, 15.6. Badilisha ncha kila hatua. Fanya hivyo kwa tyubu ya siku ya kwanza na kwa tyubu ya leo, sahani moja, mara mbili mbili. Mikunjo ya grafu zake ikilaliana, hifadhi yako ni nzuri. Ule wa leo ukisogea kulia, umepoteza.

Elisa nayo ina mpaka: kingamwili zinaweza kushika protini iliyokwisha kupoteza kazi. Mwenye seli za binadamu azipe protini na apime jibu lao, kwa mfano seli za THP-1 (seli za damu zinazokuzwa maabara) zinavyopandisha HLA-DR, protini iliyo juu ya ngozi ya seli.

Hapo angalia mtego wa mwisho. Protini iliyotoka kwenye E. coli inaweza kubeba endotoksini, sumu ya ganda la bakteria, na seli za kinga huamshwa na endotoksini peke yake. Unashangilia interferoni, kumbe ni ganda la bakteria. Chukua tyubu moja, ichemshe dakika 30. Hata nyuzi 95 za Goma zinatosha kuvunja interferoni, lakini endotoksini haijali maji ya moto. Weka tyubu iliyochemshwa kando ya ile nzima, kwenye seli zilezile. Seli zikitulia kwa iliyochemshwa na kuamka kwa nzima, jibu lako ni la interferoni. Zikiamka kwa zote mbili, simamisha kazi na uagize loti yenye endotoksini kidogo.

Loti mpya ikifika, usisubiri ya zamani iishe. Bakiza tyubu mbili za zamani, ziweke na mpya kwenye sahani moja, na uandike tofauti yao kwenye ukurasa uleule ulipobandika karatasi ya loti.